Makabati ya Mninga Yaliyonusurika Mtaimbo: Kisa cha Jiko Moja la Katubuka

Simu iliingia Jumamosi asubuhi nikiwa napiga randa. "Fundi, njoo na mtaimbo. Haya makabati ya jikoni nimeyachoka. Yang'oe yote, unitengenezee mengine." Aliyepiga ni mama mmoja wa Katubuka, hapa Kigoma. Makabati aliyoyasema nilimtengenezea mimi mwenyewe miaka 9 iliyopita: milango 12 na droo 4, mninga mtupu, hakuna plaiwudi hata mgongoni. Mbao zile nilizichagua moja moja, nikazigeuza juani nione nyuzi zake kabla ya kulipa. Sikwenda na mtaimbo.

Naandika kisa hiki kwa kirefu kwa sababu nimeona makabati mengi ya mbao nzuri yakivunjwa na kuishia kuwa kuni, eti yamenata. Mninga wa kweli haupatikani tena kirahisi kama zamani, na anayenunua mbao anajua bei yake ilikofika. Mtu anapoutoa jikoni na kuweka ule ubao wa unga uliobandikwa karatasi, ambao ukiingia maji unavimba kama mkate, roho inaniuma. Mara nyingi mbao huwa haijaharibika, na hata vanishi ipo chini palepale. Tatizo ni utando wa mafuta uliolala juu yake, nao umesuguliwa kwa njia isiyoufaa.

Nilipofika, baada ya shikamoo na marahaba, mama hakunikaribisha hata kukaa. Alinipeleka moja kwa moja jikoni, akasimama mlangoni huku ameshika kiuno. "Gusa mwenyewe, mwanangu."

Nikagusa. Mlango wa kwanza kushoto, mbali na jiko, ulikuwa na utando wa rangi ya chungwa, laini. Nilipopitisha ukucha uliacha mfereji safi, kama unavyokwangua mshumaa, na ndani ya mfereji ule niliuona wekundu wa mninga ukiwa mzima. Nikasogea hadi mlango ulio juu ya jiko la gesi. Hapo mambo yalikuwa mengine kabisa. Utando ulikuwa wa kahawia, unang'aa kidogo, na kidole kiliponyanyuka kilivutwa kwanza ndipo kikaachia. Vumbi, nyuzi za kitambaa na unywele mmoja vilikuwa vimezama ndani yake kama mdudu aliyenaswa kwenye utomvu. Ukucha haukuacha mfereji, uliteleza tu. Nikapanda kwenye stuli kutazama juu ya makabati, mahali ambapo jicho la mtu aliyesimama halifiki, nikakuta mafuta na vumbi vimeshikana vikawa blanketi la kijivu. Ukilishika ukingo unaweza kulikunja.

Nikamuuliza mama swali moja tu: tangu nilipoyafunga, umekuwa ukipika na mafuta gani?

Akafikiri. Miaka 5 ya kwanza alipika chakula cha nyumbani tu. Ugali wa muhogo, sombe (majani ya muhogo), samaki aina ya migebuka, maharage, vyote kwa mawese kama tulivyozoea huku. Kisha baba wa nyumba alipostaafu, mama akaanzisha biashara ya maandazi na samaki wa kukaanga. Kwa miaka 4 sasa anaamka kabla ya adhana, na sufuria ya mafuta ya alizeti hukaa juu ya moto kwa muda wa saa 3 mfululizo, dirisha likiwa limefungwa kwa sababu ya upepo wa ziwani unaozima gesi. Jiko la kukaangia liko chini kabisa ya milango minne, ile yenye utando wa kahawia.

Jibu hilo ndilo lililonifumbua macho. Jiko lilikuwa moja, lakini uchafu ulikuwa wa aina mbili, na kila aina inataka dawa yake.

Mawese karibu nusu yake ni mafuta ya aina ya kuganda. Huyeyuka vizuri kwenye nyuzi joto 35 hivi, na Kigoma mchana wa kawaida hucheza kwenye nyuzi 28 hadi 30. Kwa hiyo mvuke wa mawese ukitua kwenye mlango wa kabati ulio mbali na jiko, unaganda na unabaki umeganda mwaka mzima. Haujabadilika kuwa kitu kingine, bado ni mawese yaleyale ya kwenye chupa, rangi yake ya chungwa inatokana na karotini ileile. Ukiupa joto unayeyuka, na ukishayeyuka sabuni inaubeba.

Alizeti haigandi namna hiyo, lakini ina tabia ambayo mawese hayana kwa kiasi hicho. Sehemu kubwa ya alizeti ya kawaida ni asidi ya linoleiki, ambayo hupenda kushikana na oksijeni ya hewani. Tandaza mafuta ya alizeti yawe membamba juu ya ubao, uyapige joto kila alfajiri kwa miaka, na chembe zake zitashikana zenyewe kwa zenyewe mpaka ziwe wavu mmoja. Wakemia wana kipimo cha tabia hii kinachoitwa namba ya aidini. Mawese yako kati ya 50 na 55. Alizeti ya kawaida iko kati ya 118 na 141. Mafuta ya mbegu za kitani, ambayo watu wametengenezea vanishi na rangi kwa karne nyingi, yanapita 170. Maana yake ni kwamba mafuta ya kukaangia maandazi yako njiani kuelekea kuwa vanishi. Utando ule wa kahawia ulikuwa vanishi isiyokamilika, iliyopakwa na mvuke juu ya vanishi yangu. Maji ya moto peke yake hayauyeyushi, kwa sababu hakuna tena cha kuyeyuka.

Sasa nieleze yaliyofanyika kabla sijaitwa, maana ndiyo yaliyomkatisha mama tamaa.

Kwanza binti anayemsaidia kazi za nyumbani alitumia maji baridi na sabuni ya unga. Maji baridi kwenye mawese yaliyoganda ni kama kuosha mshumaa. Utando uligoma, ukaachia kidogo tu na kusambaa kama ukungu. Simlaumu, aliambiwa osha akaosha.

Halafu akaja jirani mwenye nia njema akasema, "Mbona dawa ya mafuta ni kostiki?" Hapa nataka niende taratibu, kwa sababu jirani yule hakusema upuuzi. Kigoma watu wengi wanajua kutengeneza sabuni ya mawese, na wanajua kwamba kostiki ikikutana na mawese inayageuza kuwa sabuni. Ni kweli tupu. Waliyeyusha kidogo kwenye beseni, wakachukua mlango mmoja wa chini, karibu na sinki, wakasugua kwa dodoki na baadaye kwa stilwaya. Mafuta yalitoka, tena haraka. Kilichosahaulika ni kwamba vanishi nayo, ile ya mafuta ninayopaka kwa brashi, imetengenezwa kwa mafuta. Kostiki haina macho ya kutofautisha mawese ya mama na vanishi ya fundi. Ilivigeuza vyote viwili sabuni. Baada ya nusu saa vanishi ilianza kutoka kama ngozi ya mtu aliyebabuka jua, na ubao wenyewe ukawa mweusi kama kahawa iliyoungua, maana mbao zenye utomvu mwingi hubadilika rangi zikipigwa na kitu kikali cha namna hiyo. Kesho yake yakatokea madoa madogo meusi kama pilipili manga. Hayo yaliletwa na stilwaya. Vipande vyake vidogo vilibaki kwenye matundu ya mbao, vikapata unyevu, na chuma kikikutana na utomvu wa mbao ndani ya unyevu huzaa doa jeusi la samawati ambalo halisuguliki.

Mtu wa tatu ni kijana wa mama aliyekuja likizo, akajaribu mafuta ya taa kwenye milango miwili ya juu. Yalilainisha tabaka la juu kidogo, basi. Harufu ilikaa wiki nzima na maandazi yakanuka taa. Kilichonitisha ni kusikia kwamba alifanya kazi hiyo wakati maharage yako kwenye jiko la mkaa hatua mbili kutoka pale, matambara yenye mafuta ya taa yakiwa sakafuni. Nilimwambia mama wazi kwamba nyumba yake ilinusurika.

Mama akaniuliza na kuhusu ile dawa ya klorini ya kung'arisha nguo nyeupe. Hiyo inaua vijidudu na kufifisha rangi, lakini haibebi mafuta, na kwenye mbao inaacha mabaka. Tena isikutane kamwe na siki wala ndimu ndani ya beseni moja, kwa sababu inatoa gesi ya klorini inayounguza mapafu. Jiko dogo lenye dirisha moja si mahali pa kujifunzia hilo.

Kazi nilianza Jumatatu saa 2 asubuhi. Milango yote niliifungua kwenye bawaba na kuiandika namba kwa chaki upande wa ndani, kisha nikailaza juu ya meza uani, chini ya mwembe. Kuilaza kuna sababu yake. Mlango uliosimama, maji ya sabuni yanatiririka kabla hayajafanya kazi, yanakusanyika kwenye kiungo cha chini na kuingia kwenye gundi. Uliolala unayapa muda. Na kulaza peke yake hakutoshi, tafuta na kivuli: juani maji yanakauka upesi na sabuni inabaki imejichora kwenye mbao.

Blanketi la juu ya makabati nililitoa likiwa kavu. Nilitumia kipande cha ndoo ya plastiki iliyopasuka, nikakisugua kwenye sakafu mpaka ukingo ukawa umenyooka bila kuwa mkali. Kinakwangua uchafu lakini hakichani mbao. Ukilimwagia maji blanketi lile kabla ya kulikwangua, unapata tope la mafuta linaloteremka mbele ya milango uliyokwisha kuisafisha.

Kisha nikafanya jaribio ambalo siliruki hata kama kabati nimelitengeneza mwenyewe. Ndani ya ukingo wa mlango, karibu na bawaba mahali pasipoonekana, nikapaka maji ya sabuni ya moto, nikasubiri, nikafuta, nikaacha pakauke kabisa. Vanishi haikufifia wala kunata. Kwa mtu asiyejua kabati lake lilipakwa nini, aongeze jaribio la pili: pamba yenye spiriti kidogo, palepale kwenye maficho. Pamba ikianza kunata na kubeba rangi, basi hiyo si vanishi ya mafuta, na spiriti isiguse kabati hilo tena.

Milango 7 ilikuwa ya mawese. Maji niliyatia moto wa kuvumilika mkononi, yapate kupita joto la kuyeyusha mawese bila kuumiza gundi ya viungo. Kwa lita 3 za maji, vijiko 2 vya chakula vya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Fulana kuukuu ya pamba nikaichovya, nikaikamua mpaka isidondoshe hata tone, nikaitandaza juu ya mlango kama unavyomkanda mgonjwa, nikaiacha dakika 5. Sikusugua. Nilipoikunjua fulana ilikuwa imegeuka rangi ya mchuzi wa sombe, na chini yake mninga ulikuwa unanitazama. Nikafuta mara moja kwa kufuata nyuzi za mbao, nikapita na kitambaa cha maji safi ya moto, nikakausha kwa kitambaa kikavu papo hapo. Kwenye kona za fremu, ambako kitambaa hakiingii, mswaki wa zamani. Maji nilibadilisha kila baada ya milango 2. Hapa watu wengi hukosea: wanaosha milango yote kwa beseni moja, na kuanzia mlango wa tatu wanapaka mawese yaleyale waliyoyatoa kwenye wa kwanza.

Binti wa kazi alikuwa amesimama pembeni anaangalia. Nilipofika mlango wa nne nikampa fulana. Alipoikunjua mwenyewe akacheka kwa sauti, akamwita mama. Kabla ya adhuhuri milango yote 7 na droo 3 zilikuwa zimeegemezwa ukutani, na mama alikuwa ameacha kutaja neno mtaimbo.

Milango 4 ya alizeti ilinichukua asubuhi nzima ya Jumanne. Fulana ya moto haikubeba kitu ila vumbi. Nikaanza na njia ambayo mama alidhani ninamtania: nilipaka mafuta mapya ya alizeti, kidogo sana, kwa kitambaa, juu ya utando mkavu wa alizeti. Mafuta mapya hupenya kwenye yale ya zamani ambayo bado hayajashikana kabisa na kuyalegeza. Baada ya dakika 20 utando ulikuwa umelainika juu, nikaufuta mwingi kwa kitambaa kikavu. Tabaka la chini, lililokwisha kuwa wavu, likabaki.

Kwa hilo nikatumia bikaboneti ya soda, ile ya dukani ya kuumulia mandazi, ambayo wengi tunaiita magadi soda. Nasisitiza jina kwa sababu kuna magadi ya mawe tunayotia kwenye maharage, na hayo si sawa. Ya dukani ni laini, kipimo chake cha ukali, kinachoitwa pH, kinazidi 8 kidogo tu. Magadi ya mawe ni makali zaidi, yanafika 10 na kuendelea, na kostiki iko juu kabisa kwenye 13 na 14. Kila unavyopanda unang'oa mafuta haraka zaidi, na kila unavyopanda unaikaribia vanishi. Nilikoroga unga ule na maji ya moto na tone la sabuni mpaka ukawa kama uji mzito wa mtoto, nikaupaka mwembamba, nikahesabu dakika 3, nikasugua kwa kitambaa laini kufuata nyuzi, nikafuta. Mara ya kwanza ukatoka ukahawia mwepesi. Mara ya pili mzito. Mara ya tatu kitambaa kilirudi kikiwa na rangi hafifu tu, na kidole changu kikapita juu ya mlango bila kuvutwa. Mwisho nikapitisha kitambaa chenye siki iliyozimuliwa sana kwa maji ili kuondoa mabaki ya magadi, kisha maji safi, kisha kikavu.

Kwenye mlango wa mwisho kati ya hiyo minne nilikosea. Nilikuwa nimeshapaka uji wa magadi, simu ikaita, mteja wa Gungu akataka kujua habari za kitanda chake, na nilipogeuka robo saa ilikuwa imekwisha. Nilipofuta, pakabaki baka la ukubwa wa kiganja ambapo vanishi ilikuwa imepoteza mng'ao, nyeupe kidogo kama glasi iliyopumuliwa. Magadi laini, yakiachwa, yanafanya polepole kile ambacho kostiki inafanya haraka. Nilimwonyesha mama siku ileile na kumwambia nitalirekebisha kwa gharama yangu. Tangu hapo uji ule ukiwa kwenye mbao sipokei simu.

Kuhusu vitasa, vilikuwa vyeusi kuliko mahali pengine pote, na hapo pana jambo la kuangalia. Mafuta ya mkono wa mtu, jasho na unga wa ngano vikikaa miaka, havitui tu juu ya vanishi, vinailainisha yenyewe. Kwenye milango 2 nilipofuta kitasa, kilichotoka kwenye kitambaa kilikuwa vanishi iliyooza. Nilijua kwa sababu ukucha ulizama na chini yake ubao ulikuwa mkavu, hauna mng'ao. Mahali kama hapo hakuna usafi utakaosaidia. Panataka kukwanguliwa, msasa, na vanishi mpya.

Ukabaki mlango wa kostiki. Nilikaa nao muda mrefu kuliko milango mingine yote kwa pamoja. Kwanza niliuosha kwa maji mengi ya siki, mara kadhaa, maana kostiki iliyobaki ndani ya mbao inaendelea kufanya kazi chini ya vanishi mpya na kuibandua. Nikauacha kivulini siku 4 ukauke. Nyuzi zilikuwa zimesimama kama mgongo wa paka aliyeogopa. Nikapiga msasa namba 180, kisha 240, nikiwa nimejifunga kitambaa puani kwa sababu vumbi la mninga linachoma koo na kupigisha chafya siku nzima. Weusi mwingi ukatoka. Madoa ya stilwaya niliyapaka maji ya ndimu, nikaacha, nikafuta, nikarudia. Yalififia kutoka weusi wa pilipili manga hadi kijivu. Hayakwisha. Ipo dawa ya asidi ya oksaliki ambayo ingeyatoa, lakini ni sumu, na sikutaka iingie kwenye nyumba ambayo watoto wanapita jikoni kuchukua maandazi.

Kabla ya kupaka vanishi nilidondosha tone la maji hapa na pale kwenye ubao. Likitandaa na kunywewa polepole, ubao ni safi. Likisimama kama shanga, bado kuna mafuta chini, na vanishi ikipakwa juu yake itakimbia na kuacha vitobo vya duara. Sehemu moja karibu na bawaba tone lilisimama. Nikarudia uji wa magadi pale, dakika 3, siki, maji, nikasubiri siku nyingine. Kisha nikapaka mkono wa kwanza mwembamba sana, msasa mwepesi, mkono wa pili, wa tatu. Lile baka langu la robo saa nalo likapata mkono wake, pamoja na vitasa viwili.

Hesabu ya mwisho ni hii: kati ya milango 12, milango 7 ilipona kwa maji ya moto na sabuni ya vyombo tu. Milango 4 ilitaka uji wa magadi. Ukiacha vile vitasa viwili, mmoja ndio uliohitaji fundi hasa, na ulihitaji fundi kwa sababu ya dawa iliyotangulia. Kazi ile yote ya kusafisha milango 11 mama na binti wangeweza kuifanya wenyewe.

Mama akataka nimpakie nta ya nyuki juu, amesikia inang'arisha. Nta yetu ya Kigoma na Tabora ni nzuri sana, naipenda kwenye meza na vitanda. Jikoni juu ya jiko naikataa. Inalainika kwa joto, na kilicho laini kinashika mvuke wa mafuta na vumbi kuliko vanishi kavu. Nilimpendekezea mambo mengine. Jiko la kukaangia lihamie kwenye kibanda cha uani, ambako upepo wa ziwani unaweza kukingwa kwa bati moja. Ijumaa jioni binti apitishe kitambaa cha maji ya moto na sabuni kidogo kwenye milango, dakika 10 zinatosha, kabla mafuta ya wiki hayajashikana. Na juu ya makabati, kule kusikoonekana, atandike magazeti ya zamani na kuyabadilisha kila baada ya miezi 2.

Nilirudi baada ya miezi 3 kumfungia mlango wa stoo. Kabla sijatoa vifaa, mama akaniambia nipande kwenye stuli. Gazeti la juu ya makabati lilikuwa na mduara wa njano kwenye kona iliyo juu ya jiko, umeingia mpaka maandishi ya upande wa pili yanasomeka. Nikaliinua. Chini yake mninga ulikuwa mkavu, mwekundu, na alama ya penseli niliyoichora miaka 9 iliyopita wakati wa kupima bado inasomeka: "kushoto, juu."

"Liache hapo," mama akasema. "Binti anabadilisha mwenyewe Jumapili."